Kapteni wa Benny Russell

Mhariri Douglas Pabst aliusoma mswada hadi mwisho, akausifu, kisha akasema hawezi kuuchapisha. Kapteni wa kituo cha anga kilichoelezwa humo alikuwa mtu mweusi. Hilo tu. Sarufi haikuwa na kasoro, kisa kilisimama, na waandishi wengine ofisini walikuwa wameupitisha mkono kwa mkono na kuupenda. Mwaka ulikuwa 1953, mji ulikuwa New York, na jarida liliitwa Incredible Tales. Pabst alimpa mwandishi wake, Benny Russell, njia mbili: ambadilishe kapteni awe mzungu, au aiweke hadithi hiyo kwenye droo asubiri miaka hamsini.

Jina la kapteni huyo lilikuwa Benjamin Sisko, na kituo chake kiliitwa Deep Space Nine.

Msomaji aliyewahi kuitazama tamthilia ya Star Trek iliyobeba jina hilohilo ameshaona ajabu yake. Tamthilia ilianza kuonyeshwa Marekani Januari 1993 ikadumu misimu saba. Kwa miaka mitano watazamaji walikuwa wamemfuata Sisko kama mtu wa karne ya ishirini na nne, kamanda wa kituo kilichoko kando ya sayari ya Bajor. Kisha tarehe 11 Februari 1998, katika sehemu iitwayo Far Beyond the Stars, wakaambiwa kwamba Sisko, kituo chake, vita vyake na marafiki zake wote waliwahi kuwa maneno yaliyopigwa taipureta na mtu mmoja wa Harlem. Tamthilia ilikuwa imejiingiza ndani ya ulimwengu wake yenyewe, ikakaa humo kama hadithi ya kubuni ambayo hakuna aliyekubali kuichapisha.

Mchezo wa namna hii si mpya. Cervantes aliucheza mwaka 1615, alipomfanya Don Quixote, katika sehemu ya pili ya kitabu chake, akutane na watu waliokwisha kuisoma sehemu ya kwanza. Philip K. Dick, katika riwaya yake ya mwaka 1962, The Man in the High Castle, alibuni dunia ambayo Ujerumani na Japani zimeshinda Vita Kuu ya Pili, na ndani ya dunia hiyo watu wanasoma riwaya isemayo kwamba zilishindwa. Waingereza wa Doctor Who walifanya hivyo mwaka 1988 kwa sekunde chache tu: hadithi inarudi nyuma hadi Novemba 1963, televisheni imewashwa, mtangazaji anaanza kuutaja mfululizo mpya wa kisayansi wa BBC, na picha inakatwa kabla hajalimaliza jina. Stargate SG-1, katika sehemu yake ya mia moja mwaka 2001, ilisimulia jinsi jeshi la anga linavyoiacha tamthilia moja duni itengenezwe kuhusu siri zake, ili siri zikivuja watu waseme wameyaona hayo kwenye televisheni.

Zote hizo zinafurahisha. Ila Deep Space Nine iliuchukua mchezo huo na kuupa kazi nzito kuliko wengine wote.

Wazo lililetwa na mwandishi Marc Scott Zicree. Mwanzoni aliyepelekwa kwenye miaka ya hamsini alikuwa Jake, mtoto wa Sisko, na Ira Steven Behr, aliyekuwa akiongoza waandishi wa tamthilia, hakuridhika nalo. Lilipata uzito pale nafasi ya kijana ilipochukuliwa na baba, na ubaguzi wa rangi ukawa ndio kiini cha kisa. Behr akaandika mchezo pamoja na Hans Beimler. Kuuongoza akapewa Avery Brooks, mwigizaji wa Sisko mwenyewe.

Haikuwa bahati nasibu kazi hiyo kuangukia mikononi mwa Brooks. Alikulia Gary, Indiana, akasomea uigizaji na uongozaji katika Chuo Kikuu cha Rutgers, kisha akabaki hapohapo akifundisha. Kwa miaka alikuwa akimwigiza jukwaani Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji ambaye serikali ya Marekani ilimnyang'anya pasipoti mwaka 1950 kwa ajili ya siasa zake, asiipate tena hadi 1958. Brooks alipotakiwa asimame ndani ya mwaka 1953 kama msanii mweusi ambaye kazi yake haitakiwi, alikuwa akiingia nyumba anayoifahamu.

Sehemu inaanza Sisko akiwa amechoka na vita. Rafiki yake, kapteni wa chombo kingine, amepotea pamoja na watu wake, na Sisko anamwambia baba yake kwamba anafikiria kuacha kazi. Hapo ndipo anaanza kuona watu wasiokuwepo: mtu mwenye miwani na kofia akikatiza kwenye korido, mchezaji wa besiboli aliyevaa sare za timu. Mlango mmoja unafunguka, na nje yake kuna barabara ya New York yenye magari na kelele.

Mtazamaji wa kila wiki alikuwa na jambo jingine la kumshangaza. Waigizaji ambao kwa miaka walikuwa wamefichwa na vinyago vya mpira walijitokeza kwa nyuso zao halisi. Michael Dorn, ambaye siku zote alikuwa Mklingoni mwenye paji la uso lenye matuta, alikuwa sasa Willie Hawkins, nyota wa besiboli. Armin Shimerman, aliyezoeleka kwa masikio makubwa ya Kiferengi, alikuwa Herbert Rossoff, mwandishi mkali anayemkabili mhariri waziwazi na ambaye Pabst anamwona mkomunisti. Pabst mwenyewe alichezwa na René Auberjonois, mkuu wa usalama wa kituo. Colm Meaney akawa Albert Macklin, mtu mpole asiyetaka kuandika chochote ila roboti, na yeyote aliyemsoma Isaac Asimov alijua ni nani anayekusudiwa. Polisi wawili wakatili walichezwa na Marc Alaimo na Jeffrey Combs, waliokuwa wakicheza maadui wakubwa wa Sisko.

Kuna kipande kifupi ninachokipenda kupita vyote. Katibu wa ofisi, Darlene, anausoma mswada wa Benny na kusimama pale anapokuta mwanamke mwenye mnyoo tumboni. Anasema jambo hilo linatia kinyaa, ingawa linavutia. Anayemcheza Darlene ni Terry Farrell, ambaye katika sehemu nyingine zote alikuwa ndiye Dax, huyo mwanamke mwenye kiumbe tumboni. Mhusika ameshika karatasi iliyomwandika yeye, anaisoma, hajijui. Mwandishi Kay Eaton anamsifia Meja Kira wa hadithini, mwanamke jasiri wa aina ambayo yeye mwenyewe angependa kuiandika, na anayemcheza Kay ni Nana Visitor, yaani Kira.

Kay Eaton huyo huchapisha kwa jina la K. C. Hunter, ili wasomaji wadhani ni mwanamume. Siku jarida linapotaka kupiga picha ya waandishi wake, yeye anashauriwa alale mpaka saa za mchana, na Benny naye anapewa ushauri huohuo. Wasomaji wasiijue sura ya mwanamke wala ya mtu mweusi. Kay na mumewe Julius wamechongwa kwa mfano wa watu wa kweli, Catherine Moore na Henry Kuttner, mke na mume walioandika pamoja kwa miongo miwili. Moore alitia saini kwa herufi C. L. Alizichagua mwenyewe alipokuwa mfanyakazi wa benki huko Indianapolis, asitake waajiri wake wajue kwamba ana kipato cha pembeni. Lakini matokeo yalikuwa yaleyale, wasomaji wengi wakamdhania mwanamume.

Je, waandishi wa tamthilia waliongeza chumvi? Itazamwe historia yenyewe.

Watu weusi wa Marekani walikuwa wameanza kuandika hadithi za aina hii kabla majarida yake hayajapata jina. W. E. B. Du Bois, mwanazuoni huyo mkubwa, alichapisha mwaka 1920 hadithi ya nyota-mkia inayoiua New York, wakabaki mwanamume mweusi na mwanamke mzungu. George Schuyler alitoa mwaka 1931 riwaya ya daktari aliyegundua namna ya kuwageuza watu weusi kuwa weupe. Ila majarida ya bei poa yaliyotawala uwanja huo, kuanzia Amazing Stories ya mwaka 1926, yaliendeshwa kana kwamba wakati ujao hautakuwa na watu wa namna hiyo.

Mwaka 1953, ule ule wa Benny, kampuni ya vitabu vya katuni ya EC ilichapisha katika Weird Fantasy kisa kiitwacho Judgment Day, kilichoandikwa na Al Feldstein na kuchorwa na Joe Orlando. Mkaguzi kutoka duniani anaitembelea sayari ya roboti kuona kama wanastahili kuingia katika jamhuri ya nyota. Anakuta roboti wa rangi ya chungwa na roboti wa buluu, waliotengenezwa sawasawa chini ya ngozi, lakini wa buluu wametengewa sehemu zao duni na kazi zao duni. Anawaambia hawajawa tayari. Anapanda chombo chake, anavua kofia ya anga, na katika picha ya mwisho msomaji anaona kwamba mkaguzi ni mtu mweusi, jasho likimmeta usoni. Kampuni ilipotaka kukichapisha tena kisa hicho mwaka 1956, jaji Charles Murphy, msimamizi wa kanuni mpya za maadili ya katuni, alikataa: huyo mtu asiwe mweusi. Bill Gaines, mwenye kampuni, akatishia kuutangazia umma sababu hiyo. Murphy akarudi nyuma hatua moja, akaomba basi angalau jasho liondolewe. Hata hilo Gaines hakulikubali. Kisa kilitoka kama kilivyokuwa, na toleo hilo la Incredible Science Fiction likawa kitabu cha katuni cha mwisho kutolewa na EC.

Miaka kumi na moja baadaye ilikuwa zamu ya Samuel Delany. Huyu alizaliwa Harlem mwaka 1942, na kufikia 1967 alikuwa ameshika nafasi ya juu miongoni mwa waandishi wa fani hii, akiwa na tuzo ya Nebula. Wakala wake alimpelekea John W. Campbell riwaya ya Nova. Campbell, aliyekuwa akihariri jarida la Astounding, baadaye Analog, tangu 1937, alikuwa ndiye aliyewalea Asimov na Heinlein. Hakuna mhariri aliyekuwa na neno zito kuliko lake. Aliirudisha riwaya akieleza kwamba haoni kama wasomaji wake wataweza kujihusisha na mhusika mkuu mweusi. Mhusika huyo, Lorq Von Ray, mama yake ni Msenegali na baba yake Mnorwe. Delany alikisimulia kisa hiki katika insha aliyoitoa mwaka 1998, mwaka uleule Pabst alipoonekana kwenye televisheni akitoa sababu hiyohiyo.

Tofauti ni kwamba Nova ilitoka kama kitabu mwaka 1968. Delany alikuwa na mlango wa pili. Benny hakuwa nao.

Star Trek yenyewe ilikuwa sehemu ya historia hii tangu mwanzo. Ilipoanza Septemba 1966, Nichelle Nichols alikuwa ameketi kwenye daraja la chombo kama Luteni Uhura, Mwafrika, afisa wa mawasiliano. Wasomaji wa Kiswahili wana haki ya kujua kwamba jina lake limetokana na uhuru, na kwamba katika sehemu ya kwanza kabisa kurushwa hewani kiumbe mmoja aliyejigeuza mtu alimsemesha kwa Kiswahili. Baada ya msimu mmoja Nichols alitaka kuacha arudi jukwaani. Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki. Alimweleza kwamba watu wanawaona weusi kwenye wakati ujao kwa sababu yeye ameketi pale, na akiondoka nafasi hiyo itajazwa na yeyote. Akabaki. Kuanzia 1977 aliisaidia NASA kutafuta wanaanga wapya miongoni mwa wanawake na watu weusi.

Hata hivyo Uhura alipokea amri. Ilipita zaidi ya robo karne kabla mtu mweusi hajawa mhusika mkuu anayeitoa katika tamthilia yoyote ya Star Trek.

Turudi kwa Benny. Alikataa kuiweka hadithi kwenye droo. Akaenda kuandika nyingine za Sisko, akazileta, na Pabst akashangaa ukaidi wake. Macklin, yule wa roboti, ndiye aliyetoa wazo la kuokoa mambo: mwishoni ielezwe kwamba yote yalikuwa ndoto. Mtu mweusi asiye na tumaini lolote analala, anaota kwamba kuna kapteni mweusi, anaamka. Pabst akakubali kuinunua kwa sharti hilo. Benny akakubali.

Jioni hiyo alikwenda kusherehekea na mchumba wake Cassie. Walipokuwa wanatembea wakasikia risasi. Polisi walikuwa wamempiga risasi Jimmy, kijana mtukutu wa mtaani aliyemtania Benny kwa kuamini kwamba mtu mweusi atafika mwezini kwa kazi nyingine isiyokuwa ya kung'arisha viatu. Walisema alikuwa akivunja gari. Benny aliwakabili, wakampiga mpaka wakachoka. Kijana huyo alichezwa na Cirroc Lofton, ambaye ndiye Jake, mtoto wa Sisko, na sidhani kuna mtazamaji aliyeweza kuutazama mwili ule barabarani kama mwili wa mgeni.

Hapa pia hakuna kilichotiwa chumvi. Mwaka 1943 Harlem iliwaka moto baada ya polisi kumpiga risasi askari mweusi, Robert Bandy. Iliwaka tena mwaka 1964, baada ya afisa wa polisi kumuua James Powell, mvulana wa miaka 15.

Benny alirudi ofisini akichechemea kwa fimbo, siku jarida linapotoka. Wote walikuwa wakingoja. Pabst aliingia mikono mitupu. Mwenye jarida, bwana Stone, mtu asiyeonekana hata mara moja, alikuwa ameamuru nakala zote za mwezi huo zisagwe, na papo hapo amemfukuza Benny kazi. Kwa hiyo hata ndoto haikuruhusiwa.

Linalofuata ni Brooks akiwa mbele ya kamera aliyoiongoza mwenyewe. Benny analia, anapiga kelele kwamba wanaweza kuisaga karatasi lakini hawawezi kulisaga wazo, kwamba kituo kile kipo, kipo kichwani mwake, na watu wale wote ni wa kweli kwa sababu yeye amewaumba. Sauti inamkatika, anaanguka sakafuni. Wapo waliosema Brooks alizidisha. Mimi naona alikipa kilio hicho kipimo chake. Mtu aliyepigwa na polisi, akazikiwa kijana wa mtaani kwake, akanyimwa mkate wake na hadithi yake kwa pamoja, alie vipi kwa adabu?

Muda wote kulikuwa na mhubiri wa barabarani akimtokea Benny na kumwamuru ayaandike maneno. Alichezwa na Brock Peters, aliyekuwa baba wa Sisko katika tamthilia, na ambaye watazamaji wakubwa walimkumbuka kama Tom Robinson, mtu mweusi aliyesingiziwa kosa katika filamu ya To Kill a Mockingbird ya mwaka 1962. Ndani ya gari la wagonjwa Benny anamuuliza mhubiri: mimi ni nani? Jibu analopewa ni kwamba yeye ni mwotaji, na ni ndoto pia. Sisko anazinduka kituoni. Anamwambia baba yake huenda wao ndio ndoto, na Benny yuko mahali fulani anawaota.

Miezi minane baadaye, Oktoba 1998, Benny alirudi kwa dakika chache katika sehemu iitwayo Shadows and Symbols. Yuko hospitali ya wagonjwa wa akili. Hana karatasi, kwa hiyo anaandika kwa penseli ukutani, mistari midogo iliyobanana imejaza kuta, na anachokiandika ndicho kinachompata Sisko saa hiyohiyo jangwani. Daktari anampa kifaa cha kupakia rangi, anamshawishi azifute hadithi hizo mwenyewe, kwa hiari yake, apate nafuu. Benny anapositisha penseli, Sisko naye anasita huko aliko. Benny anakataa, anampiga daktari, anamalizia sentensi, na Sisko anasonga mbele.

Februari 1999 kovu la ubaguzi lilijitokeza bila uchawi wowote. Wenzake Sisko walikuwa wakifurahia burudani ya kompyuta iliyoigiza Las Vegas ya mwaka 1962. Sisko alikataa kuingia: mwaka 1962 watu wake hawakukaribishwa humo ila kama watumbuizaji au watumishi, na yeye hatajifanya haikuwa hivyo. Kasidy Yates, mpenzi wake, alimjibu kwamba wao wameumbiwa wakati mwingine na hawana sababu ya kujifunga kwa mipaka ya zamani. Kila mmoja alikuwa na hoja, na mwishowe Sisko aliingia.

Tamthilia ilipokaribia mwisho, Behr alitaka kuifunga kwa Benny. Picha ya mwisho kabisa ingemwonyesha mtu wa Harlem kwenye studio, ameshika mswada wenye jina Deep Space Nine. Rick Berman, msimamizi mkuu wa Star Trek zote za wakati huo, alikataa, kwa sababu picha hiyo ingeugeuza ulimwengu mzima wa Star Trek kuwa kitu kilichotungwa kichwani mwa mtu mmoja.

Ninaielewa sana hamu ya Behr. Ingekuwa faraja kumwona Benny akilipwa haki yake. Lakini nadhani Berman, kwa sababu zake, aliiokoa hadithi isianguke kwenye mtego wake yenyewe. Sharti la Pabst lilikuwa lipi? Kwamba kapteni mweusi anakubalika endapo mwishoni itaelezwa kwamba alikuwa ndoto tu. Kuifunga tamthilia kwa Benny kungekuwa kulitimiza sharti hilo, baada ya miaka 46, mbele ya dunia nzima. Benny aliteseka akisisitiza kwamba kituo kile kipo. Heshima aliyostahili ni kukiacha kiendelee kuwepo.

Brooks naye alikuwa na neno lake kuhusu mwisho huo. Kwa mujibu wa mchezo, Sisko anachukuliwa na Manabii, viumbe walio nje ya muda, anamwacha Kasidy akiwa mjamzito. Katika tukio lililopigwa mwanzo ilionekana kwamba hatarudi. Brooks alimpigia simu Behr akamweleza wasiwasi wake: Marekani inavyowasema wanaume weusi, baba mweusi anayemwacha mke mwenye mimba na kutoweka si picha ya kuwaachia watazamaji. Behr alikubali. Tukio likapigwa upya, na Sisko aliyeonekana Juni 1999 anamwahidi mkewe kwamba atarudi.